Uzi wa wenye magoti bandia: kurudi kazini na kutokata tamaa (Kisumu, Nakuru na Magharibi)

MtunzaStoo_KSM

Wadau, hamjambo. Naandika kutoka Mamboleo, Kisumu. Miaka yangu ni hamsini na kitu, kazi yangu ni kutunza stoo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mapema mwaka huu goti langu la kulia lilibadilishwa lote, na sasa nimerudi kazini.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nilipokuwa nimelala nyumbani, usingizi umekataa, nilitafuta maelezo kwenye simu hadi alfajiri, na kila nilichopata kilimhusu mtu mwingine: mwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, gari lake mwenyewe, choo cha kukalia na mshahara unaoingia hata akiwa kitandani. Huyo ndiye anayeambiwa arudi kazini baada ya wiki 6. Mimi simenti inaingia saa moja asubuhi, natembea juu ya sakafu ya zege hadi jioni, na ngazi ya stoo ni ile ya chuma isiyo na pa kushika.

Kwanza niwatoe hofu wale ambao jamaa zao wamewaambia mguu unakatwa. Haukatwi. Daktari wa mifupa anachonga ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, unene mdogo tu, anazivika chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu inayofanya kazi ya ile gegedu iliyokwisha. Yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Kwenye eksirei mfupa umekaa juu ya mfupa, na nikipanda ngazi hata vijana wa stoo walikuwa wanasikia goti likisaga. Kesho yake baada ya upasuaji nikasimamishwa na fremu ya kutembelea. Nilidhani wananitania.

Sasa kazi. Nilimwendea meneja kabla ya upasuaji, nikiwa natembea kwa shida lakini natembea. Ukimwendea mwajiri ukiwa tayari kitandani, unaomba huruma. Ukimwendea mapema, mnapanga kazi. Tulikaa tukaandika kila kitu ninachofanya pale stoo, halafu tukatia alama yale yanayohitaji goti. Yalikuwa machache kuliko tulivyodhani: kupanda kuchukua vifaa vya rafu za juu, kuinama kuhesabu nondo zilizolazwa chini, na kufuatana na malori uwanjani. Mengine yote ni macho, kalamu na kumjua mwizi. Ngazi na nondo akapewa kijana mmoja, mimi nikawekewa kiti kirefu mlangoni nikague mizigo inayotoka. Nilianza kwa nusu siku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili siku za katikati goti lipoe. Baadaye tukaongeza.

Pesa ndiyo ilikuwa ngumu. Siku za ugonjwa zenye malipo huisha upesi, likizo ya mwaka nayo nikaila yote, kisha yakaja majuma bila mshahara. Kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu nilikuwa nimebadilishana na mama mmoja mapema ili mzunguko wangu uangukie miezi ile. Anayesoma hapa na bado hajapewa tarehe, aanze na hilo.

Usafiri: bodaboda niliisahau kabisa, huwezi kuurusha mguu juu ya kiti, na ukianguka umerudi mwanzo. Matatu kiti cha nyuma goti halina pa kwenda. Tuktuk ndiyo iliyoniokoa. Unatanguliza makalio, unakaa, kisha unaingiza miguu. Nilipatana na dereva mmoja wa hapa Mamboleo, ananichukua kabla msongamano wa Kondele haujaanza, nalipa kwa wiki.

Na moyo. Watu wa hospitali walinieleza maumivu, hawakunieleza ule unyonge unaokuja ukiwa umeshatoka hospitali, wageni wamepungua, na wewe bado hulali. Unaamka saa nane usiku mguu una joto, unaanza kuhesabu madeni. Wageni nao wana maneno yao. Mmoja aliniangalia akasema, "Omera, hata yule wa kwetu walimfanyia hivyo, hakutembea tena." Ameketi kwenye kiti changu anakunywa chai yangu! Kilichonirudisha si mahubiri. Kijana wa stoo alianza kuniletea leja jioni nilinganishe hesabu, na siku ile ya kwanza niliyogundua mifuko iliyopotea nikiwa kitandani nilijisikia mtu tena.

Semeni na yenu. Hasa wale wa kazi za kusimama.

FundiCherehani_Nax

Pole sana baba, na hongera kwa hatua uliyofika. Mimi ni mshonaji hapa Nakuru, goti la kushoto, sasa naelekea kumaliza mwaka.

Umesema habari ya meneja nikacheka. Kwangu meneja ni mimi, na aliye juu yangu ni mwenye nyumba wa duka, ambaye goti langu halimhusu. Sisi tuliojiajiri hatuna barua ya daktari ya kumpelekea mtu. Niliomba upasuaji upangwe baada ya sare za shule za Januari kwisha, kwa sababu ule ndio msimu unaonilisha, na nikamwachia duka binti niliyemfundisha. Wateja wengine walihama. Wengi walirudi.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nilidhani basi, nitauza ninunue ya mota. Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, aliponiuliza nafanya kazi gani akaniambia nisiiuze: kile kikanyagio kinachezesha kifundo cha mguu na goti kidogo kidogo bila uzito wa mwili, ni mazoezi mazuri mradi nisikae muda mrefu bila kuinuka. Nikawa nashona kidogo, nasimama, nazunguka meza, narudi. Kiti ndicho nilichobadilisha. Kile kistuli kifupi cha zamani nilimpa mtoto wa jirani, seremala akaniinulia kingine, na meza ya kukatia vitambaa ikawekewa matofali chini ya miguu.

Kazi iliyonishinda ni moja tu, kupima upindo wa gauni. Zamani nilikuwa napiga magoti na pini mdomoni, nazunguka mteja. Siku hizi napiga magoti kwa shida, ngozi ya mbele imekufa ganzi upande mmoja wa kovu na ukilikandamiza sakafuni unasikia vibaya. Sasa mteja ndiye anayepanda. Nimeweka kreti ya soda iliyofunikwa ubao, anasimama juu, mimi nakaa kwenye stuli namzungusha yeye. Mabibi harusi wanaipenda, wanajiona kwenye kioo vizuri.

Halafu baridi ya Nakuru ya mwezi wa saba, jamani. Asubuhi goti linagoma. Sifungui duka kabla sijatembea kidogo ndani ya nyumba na kulikunja kunjua. Anayesema chuma hakisikii baridi hajakaa huku kwetu.

BintiKaloleni

Asalaam aleikum wote. Baba yangu ni mpishi wa shughuli, pilau za harusi na matanga, Kisumu nzima wanamjua. Amepewa tarehe. Maswali yangu mawili: atasimama kwenye sufuria tena? Na swala?

FizioMagharibi

Nimesoma uzi huu tangu juu na nimefurahi. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nawahudumia watu wa hizi kaunti zetu. Nijibu kwa mkupuo, ila kila mtu afuate alichoambiwa na aliyempasua, kwa sababu yeye ndiye aliyeona ndani.

Huo muda wa wiki 6 si uongo, ila ni wa kazi ya kukaa, na mara nyingi husemwa wiki 4 hadi 8. Kazi ya kusimama na kutembea siku nzima ni kama miezi 3. Kazi ya kubeba mizigo mizito, kupanda, kuchimba, wengine hurudi kwa nusu, wengine hubadilisha kazi. Uvimbe unaweza kuendelea miezi mitatu hadi sita, na goti huendelea kuimarika hata baada ya mwaka. Kwa hiyo mtu wa mwezi wa tatu anayelia kwamba goti bado linavimba jioni, hilo si goti lililoharibika. Bado linapona.

Dada, baba atasimama kwenye sufuria, lakini si mwanzo, na si kwa saa nyingi mfululizo. Awe na kiti kirefu karibu na jiko na msaidizi wa kuinua. Sufuria la pilau la watu mia halinyanyuliwi na mtu mwenye goti jipya, hata akijisikia simba. Na moshi na mafuta sakafuni: viatu visivyoteleza. Kuhusu swala, wengi huswali wameketi kwenye kiti, na hilo mtaulizana na sheikh wenu. Upande wa goti, kupiga magoti hakuvunji chuma. Kidonda kikishapona vizuri na daktari akikubali, anaweza kujaribu juu ya kitu laini. Wengine wanazoea, wengine hawapendi kamwe.

Sasa jambo ambalo watu hupuuza. Wote mnanipigia simu kuniambia goti limekunjika nyuzi ngapi. Hakuna anayeniambia limenyooka kiasi gani! Goti lisiponyooka kabisa unachechemea, paja linachoka mapema, na kazi ya kusimama inakuwa adhabu. Kwa hiyo msiweke mto chini ya goti mnapolala, hata kama ni raha. Mto ukae chini ya kisigino au chini ya mguu wote, goti lenyewe lining'inie linyooke. Kaza paja ukilisukuma goti chini, shikilia ukihesabu hadi 5, achia. Fanya hivyo ukisubiri chai, ukisikiliza habari, kila wakati.

Kukunja nako kuna vipimo vyake. Kukaa kwenye kiti cha kawaida unahitaji kama nyuzi 90. Kuinuka kwenye kiti cha chini unahitaji zaidi ya 100. Goti bandia likifika 110 hadi 120 limefanya vizuri. Kuchuchumaa chooni kunataka zaidi ya hapo, ndiyo maana nawaambia watu wa vyoo vya shimo wasijilazimishe: mwambieni seremala atengeneze kiti chenye tundu katikati, kipana miguuni kisiyumbe, na ukutani pigilieni mbao ya kushika. Hiyo ifanywe kabla ya upasuaji. Usiku wa kwanza nyumbani si wakati wa kutafuta seremala.

Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu uliopasuliwa unatangulia pamoja na gongo.

Na kipimo cha kazi ninachowapa wagonjwa wangu. Jioni goti likivimba na kuuma kidogo, pumzika, inua mguu juu kuliko kifua, weka barafu. Asubuhi likiwa limetulia, kazi ya jana ilikuwa ya kiasi. Asubuhi likiwa bado limefura na linauma kuliko juzi, punguza.

MtunzaStoo_KSM

Barafu! Nilisahau. Sisi wa Kisumu tuna bahati, wauza samaki wanayo kila asubuhi. Nilikuwa namtuma kijana anunue, tunaivunja, tunaitia kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha taulo, dakika kama 15 hadi 20. Mke wangu alilalamika nyumba inanuka mbuta.

SistaMstaafu

Watoto wangu, mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodi za upasuaji miaka mingi. Barafu ya samaki sawa, lakini isiguse kidonda wala isilowanishe bandeji. Na ule mtindo wetu wa kukanda kwa maji moto uacheni wiki za mwanzo, unaongeza uvimbe.

La pili, na hili nalisema kwa ukali. Nyama ya nyuma ya muundi ikianza kuuma na kukaza, mguu ukavimba ghafla kuliko mwingine, msimwite mama wa kukanda na mafuta yake. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Likikandwa lile donge laweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukibanwa kifua au kukosa pumzi usingoje hata asubuhi. Ndiyo sababu mnapewa dawa ya kuzuia damu kuganda na mnaambiwa mchezeshe vifundo vya miguu kitandani. Mkiwa kwenye dawa hizo msiongeze dawa za maumivu za kununua dukani bila kumwuliza daktari. Nyingine zinachubua tumbo, na damu ambayo haigandi inamwagika.

Kidonda kikiwa chekundu kinachosambaa, kikitoa usaha, homa ikipanda: rudi. Wala msikitie mwarobaini wala majivu. Nawajua.

MzeeWaButere

Nimewasoma kimya kimya. Hebu tusidanganyane hapa. Mimi niko mwaka wa pili na goti linauma. Si kama zamani, lakini linauma. Nilikuwa fundi wa paa, sasa siwezi kupanda, na kila mtu anayenitembelea ananiambia nijipe moyo, nimshukuru Mungu, fulani aliyefanyiwa pale pale sasa anacheza ngoma. Nikisema linauma naonekana sina imani. Huu uzi nao umeanza hivyo hivyo, barafu, tuktuk, hongera. Tuliobaki nyuma tuandike wapi?

MtunzaStoo_KSM

Hapa hapa, mzee wangu. Mulembe. Sikufungua uzi wa waliofaulu peke yao.

Hata mimi ule wimbo wa kujipa moyo ulinichosha. Mtu anakuambia usikate tamaa huku ameangalia simu yake. Afadhali yule aliyenyamaza akaniletea maji.

SistaMstaafu

Baba wa Butere, asante kwa kusema. Na si wewe peke yako: karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki na maumivu au haridhiki nalo. Madaktari wanalijua hilo, ila kwenye vibaraza vya kanisa halisemwi.

Lakini usikubali kuambiwa ni umri. Maumivu ya mwaka wa pili yana maswali yake. Je, goti lilipoa kisha likaanza upya, au halikupoa tangu mwanzo? Linauma ukianza kutembea, au hata usiku umelala? Linapata joto? Wakati mwingine ni maambukizi ya chini kwa chini, wakati mwingine chuma kimelegea, wakati mwingine kano haziko sawa, na mara nyingine goti halina kosa, maumivu yanatoka kwenye nyonga au mgongo yakajifanya ya goti. Kila moja lina dawa yake. Rudi kwa daktari wa mifupa, omba eksirei mpya na vipimo vya damu. Kama aliyekupasua hakusikilizi, una haki ya kuonwa na mwingine, peleka picha zako zote.

Vyuma hivi havikutengenezwa vya miaka miwili. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takriban magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa yote huwa bado yapo yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa hiyo lako likisumbua mapema linastahili kuangaliwa.

FundiCherehani_Nax

Mzee, na kazi? Unafanya nini sasa?

MzeeWaButere

Nasimamia. Vijana wanapanda, mimi nakaa chini nawaambia mbao imepinda. Wananilipa kidogo. Wanasema jicho langu ni kali kuliko lao. Nikikaa nyumbani maumivu yanaongezeka, sijui kwa nini.

Asante sista. Nitaenda.

FizioMagharibi

Unajua, mzee, na si mawazo tu. Ukikaa bila kazi paja linakonda, goti linakosa mhimili, na kichwa kinabaki na jambo moja tu la kusikiliza. Endelea kusimamia.

KaraniWaMtaa

Nichangie upande wa sheria kwa walioajiriwa, maana naona wengi wanaongozwa na maneno ya mlangoni.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri, una haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara wote na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, ukileta cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kukupa zaidi, kwa hiyo usome kabla hujalia. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, na hizo ndizo watu huunganisha kama alivyofanya mwenye uzi.

Kuachishwa kazi kwa sababu mwili haujawa sawa si jambo la kutumiwa ujumbe wa simu usiku. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama, na asikilize utetezi wako kabla hajaamua. Kwa hiyo barua ya daktari iandikwe vizuri. "Apewe kazi nyepesi" haimsaidii meneja. Mwombe daktari aandike: asipande ngazi, asibebe uzito, apate kukaa kila baada ya muda fulani, hadi tarehe fulani. Hapo kuna kitu cha kutekeleza.

Na bima: NHIF, ile bima ya afya ya serikali, imeshaondoka, tangu Oktoba 2024 ni SHA, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kabla ya tarehe ya upasuaji nendeni dawati la bima la hospitali mkaulize nini kimeidhinishwa na nini mtatoa mfukoni, na mwulize hasa kuhusu chuma chenyewe.

BintiKaloleni

Hilo la barua nimelipiga picha. Baba hana mwajiri lakini ana wanawe, na sisi ndio tunaohitaji barua ya "asibebe sufuria".

MtunzaStoo_KSM

😂 Chekeni na hili. Juzi naingia supamaketi moja mjini, askari wa mlangoni kanipitishia kile kifimbo chao, kikalia kwenye goti. Akarudia. Kikalia tena. Akaniambia nitoe nilichoficha. Nikapandisha suruali nikamwonyesha kovu, yule kijana akarudi nyuma akasema pole mzee mara tatu. Walionifuata kwenye foleni wakasahau walichokuja kununua.

KijanaWaVihiga

Habari zenu wakubwa. Mimi naandika kwa niaba ya mamangu. Anauza ndizi na mboga soko la Luanda, na ana shamba dogo nyumbani, kwetu ni mlima na ikinyesha udongo unateleza. Amepasuliwa, sasa yuko wiki ya nane, na anataka kurudi sokoni na kushika jembe. Tukimkataza ananuna, hali chakula. Dada yangu anasema tumwache, mimi naogopa. Nani yuko sawa?

FizioMagharibi

Nyote. Mama aliyezoea soko akifungiwa nyumbani anazeeka mbele yako. Mtenganishieni soko na shamba, kwa sababu ni kazi mbili tofauti.

Jembe lisubiri. Si kuinama peke yake kunakonitisha, ni mteremko na matope. Mguu ukiteleza kabla paja halijapata nguvu, anaangukia goti, na mfupa ulioshika chuma unaweza kuvunjika. Baada ya miezi mitatu, daktari akikubali, aanze na kitalu kilicho tambarare karibu na nyumba, jembe lenye mpini mrefu, viatu vinavyoshika, siku kavu. Palizi ya kupiga magoti mwachieni mwingine. Na mzigo wa kichwani asibebe kabisa kwa sasa. Kichwani kuna ndizi, mkononi gongo, chini matope, hapana.

Soko anaweza, kwa masharti.

FundiCherehani_Nax

Mwambie mama kuwa shosh (bibi) mmoja wa Nakuru mwenye goti kama lake amesema hivi: wateja hawataki goti lake, wanataka sura yake pale mezani. Akae, apokee pesa, agombane na wanaoomba punguzo. Mikungu ibebwe na nyinyi mnaojua kuandika kwenye simu.

KijanaWaVihiga

Nimemsomea kwa sauti. Amecheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Ameuliza huyo shosh anashona vitenge kwa bei gani.

Tumekubaliana Jumamosi peke yake kwanza. Dada atauza, mama atapokea pesa, mimi nitampeleka na kumrudisha kwa tuktuk ya jirani kabla mvua ya mchana haijaanza. Swali la mwisho kwa fizio: pale sokoni kila mtu anakalia vile vistuli vya chini au ndoo iliyogeuzwa. Kiti chake kiwe na urefu gani?

FizioMagharibi

Ndoo hapana, inageuka. Mpime nyumbani: akae, nyayo zote mbili ziguse chini, na nyonga iwe juu kidogo kuliko goti. Kiti kiwe na mgongo na mikono ya kusukumia anapoinuka. Vile vya plastiki vina mikono lakini vingi ni vya chini na miguu yake hutanuka ikikaa kwenye udongo, kwa hiyo chukua cha mbao, kiongezwe urefu, na kibao kipigiliwe chini ya miguu kisizame. Kila nusu saa asimame, atembee hadi kibanda cha jirani na kurudi. Mpeni kreti ya kuinulia mguu chini ya meza. Asisahau dawa zake za mchana.